Lori Lililokuwa Mahali Pawili

Fungu moja la sukuma wiki lilikuwa bado limekwama kwenye bampa ya lori, limekauka na kujikunja kama masikio ya mbuzi, na hakuna polisi hata mmoja katika kituo cha Kitengela aliyekuwa tayari kulitoa. Siku ya tatu sasa. Kila aliyepita uani aligeuza uso upande wa choo, upande ambao siku nyingine hakuna aliyeutazama kwa hiari.

Sajini Kavutha alilitoa kwa mkono wake. Akalitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe, kisha akashindwa aandike ni kielelezo cha nini. Akaandika: *Mboga ya Nduta.*

Nduta aliuza sukuma miaka kumi na mmoja pale kwenye kivuko cha watu, barabara ya Namanga inapokutana na njia ya kichinjioni. Jumatatu saa tisa mchana lori la ng'ombe lilifika kivukoni na halikusimama. Ng'ombe tisa waliokuwa nyuma walipona wote. Mtaani watu walilirudia hilo sana, kwamba tisa wote walipona, kana kwamba ng'ombe walipaswa kuona haya.

"Afande, njoo uone." Sauti ilitoka chini ya lori. Ilikuwa ya Macharia, fundi wa magari wa polisi, mzee mkavu aliyezoea kuongea na mainjini kuliko watu. "Hii breki haikufa Jumatatu. Ilikufa kitambo."

"Kitambo cha lini?"

"Mwezi. Miwili. Mpira wa masta silinda umeliwa wote. Ukikanyaga, pedeli inashuka tu kama umekanyaga uji."

"Na bado lilikuwa barabarani?"

"Unalipampu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Ya tatu inashika. Sasa siku ile ya tatu inakataa, ndiyo unaniita mimi."

Kavutha alikohoa kidogo. Pikapu ya nyumbani kwake nayo ilitaka kupigwa mara mbili ndiyo ishike. Mbuvi, mume wake, aliyeitumia kubeba nyasi za kuuza, alisema hayo ni maringo yake tu, imezoea kubembelezwa.

"Lakini stika ya ukaguzi iko kwenye kioo," alisema. "Tarehe kumi na moja Machi. Ni nzima mpaka mwaka ujao. Na asubuhi nimepiga simu kituo cha ukaguzi. Wanasema lori la namba hii liliingia saa nne na dakika arobaini na tano, likapimwa, likapita. Breki zilishika vizuri sana."

Macharia alijivuta akatoka, akaketi chini na kujifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Basi walipima breki za gari lingine."

"Wanaangalia namba ya chesisi pia."

"Ndiyo. Sasa chuchumaa hapa, kama magoti yanakubali."

Magoti hayakukubali, lakini Kavutha alichuchumaa. Kwenye fremu, ndani ya mlango, palikuwa na kile kibati kidogo cha kiwandani chenye namba ya chesisi. Vibati hivyo hupigwa ribiti na havitolewi mpaka gari linapokuwa chuma chakavu. Hiki kilifungwa kwa skrubu mbili za mabati ya nyumba, za kofia ya bluu, na mpira mweusi chini yake.

Kavutha aliinuka akaenda mbele. Kibao cha namba, kinachoishia 417, kilishikwa na skrubu nne za bluu. Akazunguka nyuma. Nne za bluu. Juu yake, kwenye ubao wa nyuma wa lori, palichorwa fahali mweupe na jina kwa herufi za mviringo: NASHIPAI.

"Na hii nimeitoa chini ya kiti sasa hivi," Macharia alisema. "Hata Konstebo Ouko pale mezani sijamwonyesha." Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole: chupa ndogo ya pombe kali, nusu.

Kavutha aliitazama kwa mwanga. Ndani ya kabini ile, kila kitu kilifunikwa na vumbi jekundu la soko la ng'ombe la Mashuuru: usukani, kiti, kalenda ya kanisa. Chupa ilikuwa safi kama ya kwenye rafu ya duka.

"Hii haikusafiri," alisema. "Hii ililetwa."

---

Mbele ya kaunta ya kituo palikuwa na benchi moja refu, na juu ya benchi mwalimu wa chekechea aitwaye Ajwang, akiwa na chupa ya uji mapajani. Alikuwa pale tangu Jumatatu usiku.

"Madam," alisema, "kesho ni saa tatu?"

"Saa tatu. Mahakama ya Kajiado."

"Wanasema ni miaka kumi."

"Inaweza kufika kumi." Kavutha hakuwa mtu wa kutia sukari mahali pasipotakiwa. "Ikisomwa kwamba gari lilikuwa zima na yeye ndiye mbaya. Gari la biashara, lori au pikapu, lazima lipite ukaguzi kila mwaka. Likiwa barabarani bila cheti cha kweli, dereva ana kosa na mwenye lori ana kosa. Lakini cheti kikiwepo, mwenye lori ananawa mikono, anabaki bwanako."

"Na cheti kipo."

"Kipo."

Ajwang alifungua chupa ya uji, akaangalia ndani, akaifunga.

Ndani ya seli, Otiende, dereva wa lori lile, alisimama alipomwona sajini. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kusimama kwake kulichukua muda.

"Ulikuwa umekunywa?"

"Mimi ni Msabato, afande."

"Nawajua Wasabato wanaokunywa."

"Hata mimi nawajua. Lakini hawajaoa Ajwang."

Kavutha alikubali hilo moyoni, akaendelea. "Ulijua breki ni mbovu?"

"Nilimwambia mwenye lori, mzee Githongo, mara tatu. Akasema stika iko kwa kioo, mimi ni nani nijue kuliko serikali." Alishika chuma cha mlango. "Nilinyamaza. Hiyo ni yangu, siikatai. Yule mama nilimwona, afande. Nilipiga pedeli mpaka mguu ukafa ganzi. Aliinua mkono namna hii, kama mtu anasimamisha basi."

Kavutha alifungua daftari.

"Tarehe kumi na moja Machi, ilikuwa Jumanne. Ulikuwa wapi?"

"Jumanne sisi hupakia Mashuuru. Kila Jumanne."

"Na lori hili? Nashipai?"

"Nashipai. Lile lingine, Naserian, halikuja siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu jioni ya Jumatatu Nelson alikuja akafungua namba, akasema anaenda kuzisafisha. Asubuhi nilikuta zimerudi."

"Nelson yupi?"

"Fundi wa nyuma ya soko, mwenye paa la bluu."

"Namba zilizorudi zilikuwa zile zile?"

Otiende alifikiri, na aibu ikamjaa usoni polepole. "Sikusoma. Nani anasoma namba ya gari lake?"

"Kuna mtu alikuona Mashuuru?"

"Ng'ombe." Hakuwa akifanya mzaha. "Ng'ombe hatoki sokoni bila kibali cha mifugo. Anaandikwa rangi, anaandikwa alama, na gari linaandikwa. Kuna mama anayeandika, Nalotuesha. Kila mwezi hupeleka vitabu ofisini kwao Kajiado, na wiki hii yuko huko."

---

Banda la Nelson lilifungwa kufuli. Jirani, mwenye duka la vyakula vya kuku, alisema fundi aliondoka alfajiri kwenda Kiserian kwa wakwe, na alibeba hata kitanda.

"Mtu hubeba kitanda kwenda kwa wakwe?" Kavutha aliuliza.

"Labda havipendi vyao," jirani alisema, akaendelea kupima pumba.

Paa la banda lilikuwa la bluu, na pembeni ya mlango palikuwa na ndoo ya skrubu zilizobaki. Kavutha alichukua mbili, akazitia kwenye bahasha.

Kutoka hapo alikwenda kwa Githongo. Mzee huyo alikuwa na boma kubwa la ng'ombe nyuma ya kichinjio, ukuta mrefu, na gambuti nyeupe zisizo na doa. Mtu mwenye ng'ombe mia na gambuti safi alimfanya Kavutha ashike kalamu vizuri.

"Sajini! Karibu, mama, karibu. Tumeumia sana. Nimetuma ng'ombe mzima kwa mazishi ya Nduta." Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayeombea chakula. "Chai?"

Kavutha hakuwahi kukataa chai ya mshukiwa. Mtu akimimina chai hutazama kikombe, na wewe unapata nafasi ya kutazama mengine. Githongo alipoinamisha birika, yeye alitazama uani. Lori la pili lilisimama kivulini, ndugu pacha wa lile la kituoni, rangi moja, kiwanda kimoja. NASERIAN, na fahali mwekundu. Kibao chake kiliishia 632. Skrubu nne za bluu.

"Hili ni jipya?"

"Umri mmoja na lile. Hili nalitunza tu zaidi. Hata watoto hatuwapendi sawa." Alicheka. "Cheti cha Nashipai mlikiona? Kilipita Machi bila swali. Gari lilikuwa zima, Sajini. Shida ni kijana. Nilisikia anakunywa. Mliona chupa?"

Kavutha alikunywa funda, akalishusha bila haraka.

"Chupa gani, mzee?"

Githongo aliweka birika chini. Liligonga meza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Si nauliza tu. Madereva si unawajua?"

"Nawajua. Huyu ni Msabato."

"Ah." Mzee alimsindikiza hadi langoni, akatembea polepole, mikono nyuma. Nje ya lango ilisimama pikapu nyeupe ya akina Kavutha, maana gari la ofisi halikuwa na mafuta, na halikuwa nayo tangu Ijumaa. Githongo aliitazama pikapu ile muda mrefu. Ilikuwa na matope ya zizi hadi kwenye taa.

"Mbuvi hajambo?" aliuliza.

"Unamjua mume wangu?"

"Nani hamjui Mbuvi wa nyasi? Mwambie namsalimia. Mwambie naulizia gari."

---

Kavutha aliendesha kwenda Kajiado na dirisha wazi. Upepo ulikuwa wa joto na ulinuka mvua ambayo haikunyesha. Isinya, mbele ya matuta, aliipiga breki mara mbili na ikashika. Mbele kidogo, nyuma ya trela la saruji, aliipiga mara mbili, kisha ya tatu.

Ofisi ya mifugo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja. Kutoka darini yalining'inia magunia matatu kwa kamba, na chini yake aliketi mama mnene mwenye shanga hadi begani na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Supa, yieyo," Kavutha alisema. Kimaa chake kiliishia hapo.

"Ipa. Keti, polisi. Usikae chini ya gunia, liliwahi kumwangukia daktari."

"Ni ya nini?"

"Vitabu vya vibali. Panya wa Kajiado wamesoma kuliko mimi, wanakula karatasi tu. Kulikuwa na kompyuta, ikaja, ikaenda. Unataka siku gani?"

"Jumanne, kumi na moja Machi. Soko la Mashuuru. Lori la Githongo."

Nalotuesha alishusha gunia la kati kama anayeteka maji kisimani. Alitoa kitabu, akalamba kidole, akafungua kurasa bila kuhesabu. "Hili hapa. Saa nne na dakika ishirini. Ng'ombe wanane, wanne wekundu, mmoja wa pembe moja. Kwenda Kitengela. Dereva Otiende, kidole chake hiki. Gari…" Aliinua miwani. "Mwisho wake ni 632."

Kavutha alihisi kiti kimekuwa kigumu. Namba ya Naserian. Kwa hiyo Naserian ndilo lililokuwa Mashuuru, na Nashipai lilikwenda ukaguzini kwa miguu yake lenyewe kama Githongo alivyosema, na Otiende alikuwa amekumbuka vibaya, au alidanganya vizuri. Safari yote ya Kajiado ilikuwa imemnyonga mtu badala ya kumfungua.

"Asante, mama," alisema, akaanza kufunga daftari.

"Unaenda wapi? Sijamaliza kusoma. Namba 632, jina Nashipai, fahali mweupe."

"Umesema?"

"Nashipai. Hili hapa, nimeandika." Alimgeuzia kitabu. "Mimi siamini namba. Namba ni kitu cha serikali, inafunguliwa na spana. Mwaka ule waliiba ng'ombe wa mashemeji zangu, wazee wakaja kwangu, nikawasomea namba. Wakaniuliza, namba inafananaje? Hakuna aliyeijua. Lakini wote walijua gari lilikuwa na simba mwenye jicho moja. Tangu hapo naandika jina na picha ya nyuma. Mtu akipotelewa na ng'ombe, atakumbuka fahali mweupe. Hatakumbuka 632."

Kavutha alisoma mstari ule mara tatu. Kisha akatoa simu akaupiga picha, akamwomba Nalotuesha atie sahihi kwenye nakala, na mama akatia pamoja na muhuri, na kwa kuwa wino ulikuwa mzuri siku hiyo, akatia muhuri mara mbili.

Sasa ilikuwa wazi kama ua wa kanisa. Nashipai mbovu lilikwenda Mashuuru likiwa limevaa namba za Naserian. Saa hiyo hiyo, mbali upande wa Nairobi, Naserian zima lilipita mbele ya wakaguzi likiwa limevaa namba na kibati cha Nashipai. Wakaguzi walipima kilicholetwa mbele yao. Cheti kilikuwa cha kweli, na lori lililoua halikuwa limekaguliwa kabisa. Nelson alibadilisha, kisha akarudisha, kila kitu kinachofunguliwa kwa bisibisi. Fahali mweupe hafunguliwi kwa bisibisi.

Simu ililia akiwa bado mlangoni.

"Sajini," ilisema ile sauti ya kuombea chakula. "Nalotuesha hajambo?"

Kavutha alitazama barabara. Punda, mwanamke na mtungi, basi la Namanga likishusha watu. Hakuna aliyemtazama.

"Nani amekwambia niko kwa Nalotuesha?"

"Pikapu nyeupe inaonekana mbali. Sikiza, mama. Yule ameandika ng'ombe miaka mingi, macho yamechoka. Wakili wangu atamuuliza maswali mawili tu, atalia. Nelson hayuko. Skrubu za bluu ziko kwa kila paa Kitengela. Sasa nani atasimama kortini aseme, ndiyo, Nelson hubadilisha namba, mimi namjua? Wanaomjua ni wale aliowafanyia. Mwenye gari gani atajifunga mwenyewe?"

"Nitampata mmoja."

"Utampata." Alicheka polepole. "Hata usiende mbali. Pangusa matope."

Simu ikakatika.

Kavutha alikwenda mbele ya pikapu yake. Kisha akainama, akapangusa pembe ya kibao cha namba kwa kidole gumba. Matope yalikuwa makavu, yalitoka kwa vipande. Chini yake ilijitokeza kofia ndogo ya bluu.

Alifungua boneti. Kibati cha chesisi kilikuwa na mbili.

Stika kwenye kioo ilikuwa ya Aprili. Alikumbuka jioni ile. Mbuvi aliingia akisugua mikono, akasema, "Ile maneno ya ukaguzi nimemaliza," naye akamwuliza kama angependa maharagwe au ndengu. Upelelezi wa miaka ishirini na miwili, na swali lililomtoka lilikuwa la ndengu.

---

Angeiacha pikapu Kajiado. Alilifikiria hilo, kisha akafikiria saa, na seli, na saa tatu ya kesho, na akawasha. Aliendesha kilomita arobaini, nyuma ya kila mtu, na malori yakampigia honi mpaka masikio yakawaka. Isinya breki ilishika ya tatu. Kufikia Kitengela jua lilikuwa limelala upande wa kushoto na watu walikuwa wametoka kazini, wamejaa barabarani.

Kwenye kivuko cha watu mwanamke aliingia barabarani na fungu la sukuma kila mkono.

Kavutha alipiga. Hakuna. Akapiga. Hakuna. Akapiga ya tatu na pedeli ikashuka hadi chini ikabaki huko. Alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, akaigonganisha gia hadi ya kwanza, na pikapu ikalia, ikateleza, ikazimika.

Boneti ilisimama kiasi cha mkono mmoja kutoka kwa aproni ya yule mwanamke. Hakuwa amekimbia. Alikuwa ameinua mkono mmoja wenye sukuma, kama mtu anasimamisha basi.

Kavutha alimfahamu. Alikuwa Waceke, mdogo wake Nduta. Alikuwa ametandika gunia mahali pale pale, kwa sababu wateja walikuwa wamepazoea.

Waceke aliinama akatazama kioo cha mbele, stika, kisha uso wa dereva.

"Hata nyinyi?" alisema.

Hakupiga kelele. Alivuka, akaketi kwenye gunia lake, akaanza kukatakata mboga.

Kavutha na wapita njia wawili waliisukuma pikapu hadi kando. Kisha akampigia Mbuvi.

"Njoo kivukoni kwa sukuma. Kwa miguu. Beba bisibisi."

Alifika baada ya dakika ishirini, mwanamume mfupi mwenye kofia ya nyasi, akihema. Alipomwona mkewe amekaa kwenye ukingo wa barabara, alianza kutabasamu. Alipoona alikokuwa akitazama, aliacha.

"Kavutha. Kila mtu anafanya hivyo."

"Nani alikuambia?"

"Nelson alisema inachukua siku moja. Nilimpa namba na kile kibati, gari likabaki nyumbani linakula jua. Yeye ana pikapu yake nzima, anaivalisha. Ungeipeleka yetu, ingekataliwa, na nyasi nani angebeba?"

"Kwa hiyo ulijua ingekataliwa."

Mbuvi alitazama viatu vyake. "Sasa unataka kunifunga?"

"Mwenye gari ana kosa. Huyo ni wewe. Anayeliendesha ana kosa." Aliinuka kwa kushika goti. "Nimetoka nayo Kajiado saa hii, na nilikuwa nimeshaona skrubu. Huyo ni mimi. Fungua."

"Kazi yako je?"

"Fungua, baba."

Mbuvi alipiga magoti mbele ya pikapu yake. Alifungua kibao cha mbele, cha nyuma, kisha kibati. Skrubu kumi. Kavutha alizihesabu zikiingia kwenye bahasha. Waceke alikuwa ameacha kukata mboga, anaangalia.

Kutoka pale hadi kituoni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Walitembea kando ya barabara, yeye mbele, mumewe nyuma na vibao viwili vya namba kwapani kama mtu anayerudi kutoka kununua picha za ukutani. Magari yaliwapita kwa mfululizo, mapya na makuukuu. Kavutha, ambaye siku zote alitazama nyuso za madereva, sasa alijikuta akitazama vibao vya namba. Kwenye gari la nane aliona bluu. Kwenye la kumi na tatu. Basi dogo la manjano lilipita, limejaa sauti za watoto wanaoimba, na kwenye kibao chake nne zilimetameta juani. Aliisoma namba kwa sauti, akaiandika kwenye kiganja, kwa maana daftari lilikuwa limejaa. Hakutazama tena mengine mpaka walipofika. Aliogopa kuhesabu.

Konstebo Ouko alikuwa mezani na kitabu cha matukio.

"Sajini. Nimeona umetembea. Pikapu imeharibika?"

"Andika," Kavutha alisema. "Vielelezo: vibao viwili vya namba, kibati kimoja, skrubu kumi za bluu. Nakala ya kibali cha mifugo, yenye muhuri mara mbili. Maelezo ya shahidi, Mbuvi, kuhusu fundi Nelson. Faili ya Otiende isiende Kajiado kesho kabla mkubwa hajaisoma upya. Githongo aitwe usiku huu. Na piga simu ujue basi hili la shule ni la nani, lisitoke asubuhi."

Alinyoosha kiganja. Ouko aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa mviringo, kisha akafika kwenye mistari ya chini.

"Kosa?"

"Kuendesha gari la biashara barabarani bila cheti halali cha ukaguzi."

"Mlalamikaji?"

"Mimi."

"Mshtakiwa?"

Kavutha alivua kofia yake ya polisi, akaiweka mezani taratibu.

"Huyu mzee wangu. Na juu yake, andika mimi."

Kalamu ya Ouko ilisimama hewani. Ndani, kwenye seli, chuma cha mlango kiligonga mara moja; mtu mrefu alikuwa amesimama.

Ajwang alikuwa bado kwenye benchi. Aliwatazama wote wawili, sajini asiye na kofia na mume mwenye nyasi kichwani. Kisha akaichukua chupa ya uji akaiweka mapajani, akasogea hadi mwisho wa benchi, akawaachia nafasi ya kukaa.